Nianzie wapi: bibliografia na vitabu vya rejea vya historia ya Marekani, hasa kipindi cha Ujenzi Mpya (1865–1877)

mtafiti_chipukizi

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wa rika langu.

Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na msimamizi wangu ameridhia niandike kuhusu kipindi cha Ujenzi Mpya (Reconstruction) nchini Marekani, yaani miaka ya 1865 hadi 1877 iliyofuata Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, hususan namna watu waliotoka utumwani katika jimbo la South Carolina walivyoingia katika uchaguzi, katika bunge la jimbo na katika ofisi za serikali. Kabla ya kupokea sura ya mapitio ya kazi tangulizi, ameniagiza nimwonyeshe ni bibliografia zipi na vitabu gani vya rejea nilivyotumia kuifikia orodha yangu, kwa kuwa anataka kuiona njia niliyopita na si vitabu peke yake.

Vitabu nilivyo navyo hadi sasa nimevipakua bila malipo kutoka Internet Archive: kitabu cha William A. Dunning cha 1907, juzuu mbili za nyaraka zilizokusanywa na Walter L. Fleming mnamo 1906 na 1907, juzuu za James Ford Rhodes zinazohusu miaka hiyo, na kitabu cha John S. Reynolds cha 1905 kuhusu South Carolina yenyewe. Ni vitabu vinene, vimeandikwa kwa utulivu, na Dunning na Fleming walikuwa maprofesa wa vyuo vikuu. Katika maktaba ya chuo nimekuta pia juzuu mbili za Harvard Guide to American History, toleo la 1974, ila mwenzangu mmoja anasema kitabu cha rejea cha umri huo hakina kazi tena.

Ninaomba mnieleze, je, ni kweli hakina kazi? Na mtu ambaye chuo chake hakijalipia hifadhidata kubwa afanyeje ili orodha yake isiwe ya kubahatisha?

mkutubi_mstaafu

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la umri wa kitabu, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Bibliografia iliyochapishwa hufungwa siku moja inayojulikana, na kilichoandikwa kabla ya siku hiyo hubaki kimepangwa humo kwa uchaguzi wa watu walioifahamu fani, jambo ambalo kisanduku cha kutafutia kwenye intaneti hakikufanyii. Badala ya kuuliza ina miaka mingapi, fungua dibaji uone ilifungwa lini, nani alichagua, na alikusudia kuacha nini nje. Ukishayajua hayo, hata bibliografia ya karne iliyopita utaipatia kazi yake.

Harvard Guide uliyoikuta ni ya ukoo mrefu. Mwaka 1896 Albert Bushnell Hart na Edward Channing walitoa mwongozo wa kusomea historia ya Marekani; Frederick Jackson Turner akaungana nao katika toleo la 1912; mwaka 1954 maprofesa sita wa Harvard wakaandika upya kitabu kizima na kukipa jina linalojulikana sasa; kisha Frank Freidel, akisaidiwa na Richard K. Showman, akakitoa tena 1974 kwa juzuu mbili. Juzuu ya kwanza imepangwa kwa mada, na humo mna mbinu za utafiti, wasifu wa watu na historia za majimbo, ilhali ya pili imepangwa kwa nyakati. Kwa kazi yako, mtu anayeishia katika juzuu hizo anaweza kuifikia After Slavery ya Joel Williamson, iliyotoka 1965 na inayohusu jimbo lako hasa, lakini hana njia ya kuifikia Black over White ya Thomas Holt, inayohusu viongozi weusi wa kisiasa wa South Carolina, kwa sababu hiyo ilitoka 1977. Hapo ndipo unapoona faida na mpaka wa kitabu kwa pamoja. Usikirudishe kwenye rafu. Soma sehemu ya kwanza yote, maana maelezo yake kuhusu aina za nyaraka na magazeti ya serikali bado ni ya manufaa, kisha ujue kwamba nusu karne ya uandishi iko nje yake.

Kinachofuata kwa tarehe ni Guide to Historical Literature ya Chama cha Wanahistoria wa Marekani, ambayo imetoka mara tatu: 1931, 1961 na 1995. Toleo la tatu, lililohaririwa na Mary Beth Norton na Pamela Gerardi, lina maingizo karibu 27,000 kwa historia ya dunia nzima, na kila ingizo lina sentensi moja au mbili za kueleza thamani ya kitabu. Limekazia hasa kazi zilizotoka kati ya 1961 na 1992, kwa hiyo linaanza pale ambapo Harvard Guide inaanza kuchoka. Ubaya wake kwako ni kwamba kwa kuwa limebeba dunia nzima, kila kipindi kimepewa nafasi ndogo.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kukupa kitabu kimoja tu, nisingekupa chochote kati ya hivyo. Ningekupa Reconstruction in the United States: An Annotated Bibliography ya David A. Lincove, iliyochapishwa na Greenwood mwaka 2000. Huyu alishughulika na kipindi chako tu, akaingiza vitabu, makala na tasnifu, na akaandika chini ya kila kimoja kinadai nini. Mwanafunzi akiwa na Lincove mkononi anaweza ndani ya wiki moja kujua mabishano ya karne nzima yalikuwa kuhusu nini, kabla hajafungua kitabu chenyewe. Sheria niliyokuwa nikiwapa wasomaji wangu ni hiyo: tafuta kwanza bibliografia nyembamba kabisa inayogusa mada yako, halafu ndipo upande kwenye zile pana kuziba mapengo, wala si kinyume chake.

Kwa miaka ya baada ya 2000 hakuna kitabu kitakachokusaidia. Hapo ni kazi ya hifadhidata. America: History and Life, iliyoanza 1964 kama jarida la muhtasari wa makala na sasa iko mikononi mwa kampuni ya EBSCO, ndiyo kubwa kuliko zote kwa historia ya Marekani na Kanada, nayo hailipiwi kwa bei ndogo. Usipoipata, pitia kurasa za Journal of American History zilizokuwa zikiorodhesha maandishi mapya, pamoja na uhakiki wa vitabu katika jarida hilo, toleo baada ya toleo kuanzia 2000. Inachosha, sikatai, lakini inafanyika. Na ukitaka kwenda nyuma kabisa, kuna Writings on American History, bibliografia ya kila mwaka iliyoanza na maandishi ya 1902. Ila jihadhari, miaka ya 1941 hadi 1947 haimo, na anayeitumia bila kujua hilo atadhani wakati wa vita hakuna aliyeandika kitu.

mwalimu_wa_jioni

Mzee mkutubi amemaliza upande wa bibliografia, nami sitamrudia. Kilichonishtua ni vitabu alivyopakua ndugu yetu, kwa sababu vyote vinne ni vya upande mmoja, na sidhani kama vimekutana hapo kwa bahati.

Dunning alifundisha Chuo Kikuu cha Columbia, na wanafunzi wake, Fleming akiwa mmojawapo, waliandika historia ya jimbo moja baada ya jingine wakiongozwa na imani kwamba kuwapa kura watu waliotoka utumwani lilikuwa kosa kubwa, na kwamba kurudi kwa Wazungu wa Kusini madarakani kulikuwa ukombozi. Rhodes hakuwa mwanafunzi wake, na Reynolds hakuwa mtu wa chuo kikuu, lakini hitimisho lao ni lile lile. Vitabu hivyo ndivyo vilivyotawala shule na vyuo vya Marekani kwa takriban nusu karne, na wanahistoria waliokuja baadaye wakaubomoa msingi wake kipande kwa kipande.

Sasa tazama jinsi ulivyovipata. Sheria ya hakimiliki ya Marekani huviacha huru vitabu vilivyochapishwa huko zaidi ya miaka 95 iliyopita, kwa hiyo kila kilichotoka kati ya 1900 na miaka ya 1920 kinapatikana bure, kimepigwa picha vizuri, na hujitokeza mwanzoni kabisa mwa matokeo ya kutafuta. Kitabu cha Eric Foner cha 1988, Reconstruction: America's Unfinished Revolution, ambacho ndicho kila mtu wa fani hii huanza nacho leo, kina mwenyewe na kina bei. Matokeo yake mtafiti asiye na fedha, akifuata kinachopatikana bure, husukumwa moja kwa moja kwa kizazi ambacho fani imekwisha kukikataa, na husukumwa bila mtu yeyote kukusudia hivyo. Katika mada nyingine za historia ya Marekani kasoro hii ni ndogo. Katika Ujenzi Mpya inaweza kuua tasnifu.

Njema ni kwamba sheria hiyo hiyo imewaachia huru wapinzani wao wa wakati ule ule, ila hao ni lazima uwajue kwa majina ndipo uwapate, na hapo ndipo bibliografia inapokulipa. John R. Lynch, aliyezaliwa utumwani na kuja kuwa mbunge wa Mississippi katika Kongresi, yaani bunge la taifa la Marekani, alitoa The Facts of Reconstruction mwaka 1913. Mwaka 1917 aliandika katika Journal of Negro History makala ya kusahihisha makosa ya huyo huyo Rhodes uliyempakua. Jarida hilo lilianzishwa na Carter G. Woodson mwaka 1916, na juzuu zake za mwanzo zinasomeka bure. W. E. B. Du Bois, mwanahistoria mweusi, alikuwa ametangulia na makala katika American Historical Review ya Julai 1910 kuhusu faida za Ujenzi Mpya, akitaja shule za umma na sheria za kijamii zilizoletwa na serikali zile. Na kwa jimbo lako hasa, Alrutheus A. Taylor alichapisha mwaka 1924 The Negro in South Carolina during the Reconstruction, ambacho nacho sasa kiko huru. Mweke Taylor kando ya Reynolds, usome sura zao kuhusu bunge moja la jimbo, na mapitio yako yatakuwa na uti wa mgongo.

Kisha kuna Black Reconstruction ya Du Bois ya 1935. Mwishoni mwa kitabu hicho kuna bibliografia ambayo haikupangwa kwa alfabeti ya jumla wala kwa majimbo, bali kwa jinsi kila mwandishi anavyomtazama mtu mweusi. Kundi la kwanza ni la waandishi waliokubalika katika fani lakini wapinga Weusi, na Du Bois anaeleza waziwazi kwamba hao wanamwona Mweusi kuwa chini ya binadamu na asiyefaa kwa maumbile yake kuwa raia au kupiga kura. Anafuatisha kundi la propaganda, halafu wale anaowaona wa haki au wasiojali, halafu wenye kuwaelewa watu weusi, na wanahistoria weusi wana kundi lao. Mimi huwapa wanafunzi kurasa hizo kabla ya kitabu chenyewe, kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo mtu ameifanya orodha ya marejeo kuwa hoja kamili. American Historical Review haikukihakiki kitabu hicho kilipotoka. Aliyekuwa akiijenga orodha yake kwa kufuata uhakiki wa jarida kuu la fani asingejua kwamba kipo.

Si ajabu kwa mtu yule kuzithamini hivyo kazi za rejea. Mwaka 1961 alihamia Ghana kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah ili aongoze ensaiklopidia ya Afrika, na alifariki Accra mwaka 1963 kazi hiyo ikiwa bado changa.

Fleming usimtupe. Juzuu zake ni nyaraka za kweli, lakini ni nyaraka alizozichagua yeye, na mkusanyo wa nyaraka huweza kuegemea upande bila kusema neno lolote la uongo. Mkutano wa kuandika katiba mpya ya South Carolina ulifanyika Charleston mwaka 1868, wajumbe wengi wakiwa watu weusi, na kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka ule ule na zinapatikana zote. Soma hizo kwanza, ndipo uone Fleming ametoa nini na ameacha nini.

msoma_tanbihi

Kwa heshima zote kwa waliotangulia, nadhani tunamwongezea kijana mzigo. Mimi nilimaliza tasnifu yangu, ingawa ni ya kipindi kingine cha historia ya Marekani, bila kugusa bibliografia hata moja ya aina hiyo. Nilichukua kitabu kimoja cha karibuni kinachoheshimiwa, nikasoma tanbihi zake zote, nikavitafuta vitabu vilivyotajwa humo, nikasoma tanbihi za hivyo navyo, na baada ya miezi michache majina yakaanza kujirudia. Kwa kwenda mbele nilitumia Google Scholar kuona nani amemnukuu nani. Kwa Ujenzi Mpya kazi ni rahisi zaidi, kwa sababu Foner ana bibliografia ndefu ya nyaraka, magazeti na vitabu, na kila aliyeandika baada ya 1988 anamtaja, akubaliane naye au ampinge. Harvard Guide ilikuwa na maana wakati ambapo kutafuta kulikuwa ni kufungua droo za kadi. Siku hizi naona ni heshima tu tunayoipa.

mkutubi_mstaafu

Ndugu msoma_tanbihi, njia yako si mbaya, na mimi mwenyewe ningemwambia afuate tanbihi za Foner ukurasa kwa ukurasa. Tatizo lake ni kwamba tanbihi humwonyesha msomaji wale wanaozungumza wenyewe kwa wenyewe tu. Mwanafunzi wa 1936 angeianza safari yako kwa kitabu kilichoheshimiwa siku zile, angesoma tanbihi zake zote, majina yangejirudia vizuri kabisa, na angemaliza bila kukutana na Taylor wala Lynch isipokuwa kwa nadra. Ambaye angekutana nao ni yule aliyefungua A Bibliography of the Negro in Africa and America ya Monroe N. Work, mtu wa chuo cha Tuskegee, iliyotoka 1928 ikiwa na maingizo zaidi ya 17,000. Work hakusubiri kunukuliwa ndipo amwingize mtu. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya orodha iliyokusanywa kwa makusudi na msururu wa watu wanaonukuliana, na sioni kwa nini leo tuwe salama zaidi kuliko mwanafunzi yule.

Liko na jambo la katalogi, ambalo wanafunzi hulikosa hata wanapokuwa na kila hifadhidata. Vichwa vya mada vya Maktaba ya Kongresi vimebadilika na nyakati: kwa miaka mingi kichwa kilikuwa Negroes, mwaka 1976 kikawa Afro-Americans, na baadaye African Americans. Katalogi kubwa zimerekebishwa, lakini bibliografia zilizochapishwa, fahirisi za majarida ya zamani na katalogi ndogo zimebaki zilivyo. Atakayetafuta kwa neno la leo pekee atapata vitabu vya leo pekee. Andika majina yote matatu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako, pamoja na jina freedmen, ambalo ndilo serikali yenyewe ililitumia katika miaka unayoitafiti.

mtafiti_chipukizi

Asanteni sana, wakubwa wangu. Nimekwisha kuanza kusoma Taylor na Reynolds kwa pamoja, na ni kama wanaeleza majimbo mawili tofauti.

Nina swali la pili, kama hamjachoka. Ninahitaji takwimu za watu wa South Carolina kabla na baada ya vita, na ninahitaji kuthibitisha maisha ya wabunge weusi mmoja mmoja, lakini kila ninapogeuka nakuta tarehe za kuzaliwa zinazotofautiana. Je, kuna kitabu cha rejea ambacho mtu anaweza kukitegemea kwa hayo, na nyaraka za asili nianze na zipi?

takwimu_na_tarehe

Kwa takwimu, anza na Historical Statistics of the United States. Ilitoka kwanza 1949, ikatoka tena 1960, na toleo la 1975, linalofika hadi mwaka 1970, Ofisi ya Sensa ya Marekani imeliweka wazi kwenye tovuti yake bila malipo. Toleo kubwa la 2006, juzuu tano kutoka Cambridge, linalipiwa; kwa miaka yako lile la 1975 litakutosha kwa sehemu kubwa. Usifanye kosa la kuruka kurasa za maelezo zinazotangulia majedwali, kwa kuwa humo ndimo wahariri wanapoeleza tarakimu zilitoka wapi na zina udhaifu gani. Halafu rudi kwenye sensa zenyewe. Sensa ya 1860 iliikuta South Carolina na watu 703,708, na kati yao 402,406 walikuwa watumwa, yaani zaidi ya nusu ya jimbo, na bila tarakimu hiyo huwezi kueleza kwa nini bunge lake la chini lilikuja kuwa na wabunge weusi wengi kuliko weupe. Sensa ya 1870 inatoa watu 705,606. Ongezeko la watu 1,898 kwa miaka kumi linapaswa kukutia shaka: vita viliua wengi, hilo ni kweli, lakini inajulikana pia kwamba sensa ya 1870 iliwahesabu pungufu watu wa Kusini. Ukiitumia bila onyo hilo, mtahini wako atalitia yeye.

Kwa maisha ya watu, kitabu cha kwanza ni Freedom's Lawmakers cha Eric Foner, kilichotoka 1993 na kusahihishwa 1996. Ni orodha ya watu weusi karibu 1,500 walioshika ofisi za umma wakati wa Ujenzi Mpya, kuanzia maseneta hadi mahakimu wa vijijini, kila mmoja na maelezo yake mafupi na chanzo kilikotoka habari. Kwa waliofika Kongresi, kama Joseph Rainey na Robert Smalls wa jimbo lako, kuna orodha rasmi ya wasifu wa wabunge, ambayo iko wazi kwenye intaneti. Kisha linganisha na American National Biography ya 1999, iliyochukua nafasi ya Dictionary of American Biography ya 1928 hadi 1936, na African American National Biography ya 2008.

Nasema linganisha kwa sababu ya watu kama Robert B. Elliott, mbunge wa South Carolina katika Kongresi na msemaji hodari kweli. Maelezo ya zamani yalirudia kwamba alizaliwa Boston na kusoma shule ya Eton huko Uingereza. Watafiti waliofuatilia baadaye hawakupata ushahidi wa hayo, na wengine wanaona alikuwa mzaliwa wa Liverpool. Kamusi za wasifu zilikuwa zikinakiliana, na kukubaliana kwa tatu kati yake hakuthibitishi kitu ikiwa zote zilichota kwenye chanzo kimoja. Unapokuta tarehe zinatofautiana, usichague ile inayorudiwa zaidi. Tafuta ni ipi iliyotaja ilikoitoa.

Nyaraka za asili ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Mijadala ya Kongresi iko katika Congressional Globe hadi 1873, halafu Congressional Record, na Maktaba ya Kongresi imeiweka wazi ile ya miaka ya mwanzo. Ushahidi uliotolewa mbele ya kamati ya Kongresi iliyochunguza vurugu za Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu lililowashambulia watu weusi, ulichapishwa 1872 kwa juzuu 13, na juzuu za tatu hadi ya tano ndizo za South Carolina. Humo wakulima na wapiga kura weusi wanasema kwa vinywa vyao, ingawa kwa kuulizwa maswali na wanasheria wenye shabaha zao. Ofisi ya Watu Walioachwa Huru (Freedmen's Bureau), iliyoundwa Machi 1865 na kufungwa 1872, iliacha mafungu ya barua na ripoti ambayo Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani imeyaweka katika kundi namba 105, na sehemu kubwa imepigwa picha. Mwandiko ni mgumu na fahirisi ni hafifu, kwa hiyo usiingie humo kabla hujapitia juzuu za Freedom: A Documentary History of Emancipation, ambazo mradi ulioko Chuo Kikuu cha Maryland umekuwa ukizitoa tangu 1982. Wahariri wake wamechagua nyaraka chache kutoka bahari ile na kuziwekea maelezo, na tanbihi zao zitakuonyesha mafungu yapi yanahusu jimbo lako.

mkutubi_mstaafu

La nyongeza, kwa kuwa msimamizi ameomba kuiona njia. Usimpelekee orodha ya vitabu; mpelekee kurasa mbili zinazoeleza kwa kila chombo ulichotumia kilifungwa mwaka gani, ulitafuta kwa maneno gani, ulipata nini na ulikosa nini, ukianza na Lincove na kumalizia na uhakiki wa majarida ya miaka ya karibuni. Weka pia aya kuhusu vile vitabu vinne ulivyopakua mwanzo, ukieleza sasa utavitumia kama nini, maana kama ushahidi wa jinsi historia ilivyoandikwa mwaka 1907 bado ni vya thamani kubwa.

Kuhusu hifadhidata, usikate tamaa kabla ya kumwona mkutubi wa chuo chako uso kwa uso. Vyuo vingi vya Tanzania vimo katika muungano wa COTUL na vya Kenya katika KLISC, na miungano hiyo hununua usajili kwa pamoja, kwa hiyo mara nyingi kuna hifadhidata iliyolipiwa ambayo wanafunzi hawajaambiwa kwamba ipo. JSTOR, hifadhidata ya makala za majarida, nayo humruhusu mtu binafsi kujisajili na kusoma idadi fulani ya makala kila mwezi bila kulipa. Lincove, ikiwa hayupo hapo, mwombe mkutubi aandikie maktaba yenye nakala apate kurasa zinazotajwa kwenye fahirisi chini ya South Carolina. Ni ombi la kawaida kati ya maktaba, na ukilitaja kwa kurasa kamili hujibiwa upesi kuliko ukiomba kitabu kizima.